Kadi ya Golikipa

Huko Tukuyu palikuwa na fundi cherehani, Ambakisye jina lake, aliyekuwa na binti mmoja na kadi moja. Kadi yenyewe ilikuwa na picha ya golikipa aliyeruka hewani. Aliipata zamani ndani ya pakiti ya bablishi. Zilichapwa chache, kisha kiwanda kikafungwa. Mpwa wake aliyeishi mjini akamwambia kwamba siku hizi wako watu wanaozinunua kadi za namna hiyo kwa bei ambayo cherehani haiwezi kuileta, mradi pembe ziwe hazijakunjika, rangi haijafifia, na hakuna alama ya kidole.

Tangu hapo aliitia kadi kwenye mfuko wa nailoni, akailaza ndani ya kopo la biskuti juu ya mchele mkavu, maana Tukuyu mvua haina likizo na unyevu hula karatasi. Alisema anamtunzia Sekela, aje asome mpaka achoke mwenyewe. Na alisema kweli, msimdhanie vibaya.

Sekela hakujua bei. Alichojua ni kwamba watoto wenzake walicheza kadi barazani, wakizipigiza chini mpaka zipinduke, na kwamba golikipa wa baba yake aliruka vizuri kuliko wote. Kila baba alipofungua kopo kubadilisha mchele, Sekela aliomba amshike golikipa kidogo tu. Baba alicheka, akafunga kopo.

Msimu wa mvua kubwa mtoto akashikwa na homa ya mapafu. Akiwa kitandani alimwomba tena golikipa. Baba akamletea, akamwonyesha ndani ya nailoni yake. Mtoto akanyoosha mkono. Mkono ulikuwa umelowa jasho, na baba, kwa mazoea tu, akairudisha kadi nyuma. Alimwahidi kwamba ataishika akipona.

Hakupona.

Matanga yalipokwisha, mnunuzi aliyepata habari kwa yule mpwa alifika kutoka mjini. Majirani walikuwa wamemwelekeza nyumba kwa jina la mtoto, kama tunavyoelekezana sote, wala hawakumwambia zaidi. Ambakisye akamtolea kadi, naye mgeni akaitazama kwa lenzi, pembe moja baada ya nyingine, akaigeuza nyuma. Uso wake ukachangamka.

"Hongera, Baba Sekela," akasema. "Hii haijawahi kuguswa na mkono wa mtoto. Hapo ndipo thamani yake ilipo."

Ambakisye akalipwa bei ya juu kabisa. Alipokea fedha bila kuzitazama, akakaa mlangoni. Inaniuma kulisimulia hili, kwa sababu mtu yule alimpenda mwanawe, na katika yote aliyoyapima mnunuzi hakukosea hata moja.

Ndugu zangu, kitu ulichomtunzia mtu ukamnyima kukishika, ulimtunzia nani?