Rangi Haipandi Mlima

Rangi haipandi mlima. Leo mmemsikia mama yenu akimjibu hivyo yule kijana mwenye viatu vya kumeremeta aliyekuja kuposa, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza maneno hayo yalitoka wapi. Methali hii ilianza hivi, nami naomba asicheke mtu, maana ilianzia msibani. Wala msinitajie dhahabu na ving'aavyo. Dhahabu ya bandia humwibia mtu fedha, akalia, akatafuta nyingine. Hapa kiliibwa kitu ambacho hakitafutwi tena.

Kwenye milima ya Upare kipo kijiji kiitwacho Ivuga. Barabara ya kupanda Ivuga haikuletwa na mtu kutoka nje. Ilichimbwa na wenyeji wenyewe kwa msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo baragumu likilia kila nyumba hutoa mtu, na asiyetokea hutozwa faini na kutazamwa kwa jicho la pembeni mwaka mzima. Aliyeiongoza kazi hiyo alikuwa Mzee Mgonja. Alipasua miamba kwa sururu, akapanga mawe ukingoni kila palipokuwa na kona ili gari lisije likatumbukia bondeni, na mgongo wake ukaharibikia humo. Barabara ilipokwisha, wengine walinunua pikipiki na malori. Yeye alibaki na jembe lake.

Uzee ulipomlemea, mwanawe Mbonea, aliyekuwa mwalimu wa Kiingereza Dar es Salaam, alimchukua akamtibu. Madaktari walifanya walichoweza, kisha wakaanza kusema kwa sauti za chini. Mzee hakuhitaji kuambiwa. Alimwita Mbonea akamwambia anataka kurudi kwa mkewe, Bi Nakiete, akafie kitandani mwake, na siku ziwahiwe.

"Ile barabara nimeipanda kwa miguu," alisema, "nimeipanda juu ya magunia ya tangawizi. Safari hii nataka niipande nimeketi kama mtu."

Basi lisingefaa, maana mgongo wa mzee haukustahimili hata mtikisiko wa kitanda. Mbonea aliuza kiwanja chake, akaenda kutafuta gari laini kuliko yote aliyoweza kulipata. Na alijua pa kwenda. Mwana wa kwao, Kirumbi, alikuwa na yadi ya magari ya mtumba, yale ya kifahari yanayotoka ng'ambo. Mbonea na Kirumbi walitahiriwa siku moja. Huko kwetu, waliotoka jando moja ni zaidi ya waliotoka tumbo moja, na wana mwiko wao: hukagui cha mwenzako. Akikupa pombe hunusi, akikuuzia mbuzi humfunui mdomo kuhesabu meno. Ukimkagua umemwita mwizi, na matusi hayo huwafikia hadi wazazi wake.

Na Kirumbi huyo alikuwa na deni jingine lisilolipika. Siku ya kutoka jandoni kidonda chake kilikataa kukauka, akashindwa kutembea. Aliyembeba mgongoni toka msituni hadi kwa mama yake alikuwa Mzee Mgonja. Shikeni jambo hilo.

Kirumbi alimpokea Mbonea kwa kumkumbatia. Alipoambiwa gari ni la kumrudisha mzee nyumbani, machozi yalimlenga, sijui aliyatoa wapi. Alimpeleka moja kwa moja kwenye gari jeusi lililokuwa linang'aa mpaka unajiona. Viti vya ngozi, vioo vya giza, milango inayojifunga kwa sauti ndogo kama mtu anayefunga Msahafu. Wakalizungusha barabarani, na kule Dar ni tambarare tupu. Likaenda kama maji. Kirumbi akasema hilo alikuwa amemwekea mwenyewe mtu wa heshima, na mtu wa heshima ndiye huyo amepatikana.

Wakati wa kukabidhiana, Mbonea aliona kwenye hati ya gari ile ya kule lilikotoka kuna muhuri mwekundu juu kabisa. Akauliza ni wa nini. Kirumbi akajibu, bila hata kupepesa macho, kwamba ni muhuri wa bandari ya huko tu. Mbonea, mtu aliyesomesha Kiingereza nusu ya maisha yake, alitaka kuinamisha macho asome maneno yaliyokuwa ndani ya muhuri ule. Akakumbuka mwiko. Akaikunja hati, akaitia mfukoni.

Safari ilikuwa nzuri, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Njia nzima mzee alikuwa na furaha ya mtoto. Aliomba dirisha lifunguliwe, likafunguliwa kwa kubonyezwa, akaomba lifungwe tena aone. Hakulalamikia mgongo hata mara moja. Walipofika Kizungo, soko lililoko chini ya mlima, walisimama kumsalimu Bi Naetwe, mama yake Kirumbi, aliyekuwa akiuza ndizi hapo. Bibi yule alizunguka gari lote akiligusa kwa ncha za vidole, akasema mwanawe amefanya jambo la mtu. Mzee akacheka, akamwambia kwamba zamani yeye ndiye aliyembeba yule kijana mgongoni, sasa ni zamu yake kubebwa naye.

Wakaanza kupanda.

Hawakuwa wamemaliza kona ya pili gari likazima. Taa zote zikawaka mbele ya Mbonea, usukani ukawa mzito, breki zikawa ngumu kama ubao. Gari likaanza kurudi nyuma, kimya kimya, na bonde liko pale linangoja. Kilichowaokoa ni mawe ya ukingoni, yale aliyoyapanga mzee mwenyewe. Gari liliyagonga likasimama. Lakini mgongo wa mzee ulipata mshindo, akatoa sauti ambayo Mbonea hakuwahi kuisikia kwa baba yake.

Lilipopoa liliwaka tena, zuri kabisa, kana kwamba halikutenda kitu. Likapanda kidogo, likazima. Likapozwa, likawaka, likazima. Mbonea alitukana, akaomba Mungu, akatukana tena. Mwishowe vijana waliokuwa wakishuka na tangawizi walikimbia kuleta kitanda cha kamba, wakamlaza mzee, wakamwinua mabegani, huku wenzao wakilirudisha gari chini hadi sokoni. Jua lilikuwa kali na mwinuko hauna huruma. Mzee alikuwa ameshika mkono wa mwanawe akiuliza kila mara wamefika kona gani.

Bi Nakiete alikuwa amefagia uwanja, amevaa kanga mpya, amesimama mlangoni. Aliwaona wakitokeza kwenye kona ya mwisho, pale paa la nyumba linapoonekana kutoka barabarani. Kisha akaona wameshusha kitanda chini, katikati ya barabara, na hakuna aliyekiinua tena.

Mzee Mgonja alikufa akiiona nyumba yake. Wako watu walimwambia Mbonea ajifariji kwa hilo. Mimi ningewapiga kofi.

Baada ya mazishi Mbonea aliitoa ile hati mfukoni akaisoma kama alivyopaswa kuisoma mwanzo. Muhuri haukuwa wa bandari. Huko ng'ambo, gari likiwa na ubovu usiotengenezeka, sheria humlazimisha aliyeliunda alichukue tena, na hati yake hupigwa muhuri ili kila atakayelinunua baadaye ajue anachokinunua. Wenyewe huliita gari la namna hiyo limau, nadhani kwa uso unaokunjwa na aliyeuziwa. Muhuri ulisema limerudishwa kwa kuwa huzima lenyewe injini ikipata kazi kubwa. Kwa Kiswahili chepesi: haliwezi mlima. Na Kirumbi alimuuzia mtu wa mlima, ampandishie mgonjwa.

Hasira iliyompata Mbonea haikuwa ya kupiga kelele. Alijichukia mwenyewe kwa kukunja karatasi ile, na alimchukia Kirumbi kwa kuwa aliutumia mwiko wa jando kama mwizi atumiavyo giza. Alikula hakula, alilala hakulala. Ukoo ulitaka kwenda mahakamani, na mnatujua Wapare, tunasemwa kuwa tuko radhi kuuza ng'ombe tufuate kesi ya kuku. Wajomba walikuwa tayari wanagombea nani atazungumza na wakili. Mbonea akawaambia wangoje kwanza Kirumbi aje, maana ndugu wa jando hawezi kukosa matanga ya baba wa mwenzake.

Akaja kweli. Wazee walimsubiri Kizungo, penye lile gari, wakamweka kati na kumuuliza. Kirumbi hakuwa na haya wala vibaya. Alisema gari ni zima, kwamba magari ya kifahari yanataka dereva anayeyajua, na kwamba mwalimu wa shule hawezi kulaumu gari kwa ugeni wake mwenyewe. Alilipiga piga bodi kwa kiganja, akawauliza wazee kama wanaona hata mkwaruzo mmoja. Wazee waliangalia, na kweli, ukiacha alama ya mawe kule nyuma, rangi ilikuwa safi. Wengine wakaanza kukuna ndevu.

Mbonea alikuwa ameikamata hati ndani ya mfuko. Alikuwa amepanga kuitoa na kuisoma mbele ya watu. Hapo ndipo alipomwona Bi Naetwe akija na kapu la unga kichwani, amejifunga kanga ya msiba, anajiandaa kupanda kwenda kumpa pole Bi Nakiete. Akaiacha hati ilale.

"Kirumbi," alisema, "umesema gari ni zima."

"Zima kabisa."

"Na dereva anayelijua ni wewe."

"Mimi."

"Basi mama yetu huyu anakwenda juu, na miguu yake unaijua. Mpandishe."

Bi Naetwe alifurahi. Kwamba gari lilizima alikuwa amesikia, ila alidhani ni ugeni wa dereva; wanachobishania wanaume hakukijua. Alitua kapu, akafunguliwa mlango na mmoja wa wazee, akaketi kiti cha nyuma, palepale alipokuwa ameketi Mzee Mgonja, akalipakata kapu lake. Mbonea akautoa ufunguo akamkabidhi Kirumbi mkononi.

Kirumbi alikaa kwenye usukani. Akaliwasha, likanguruma kwa upole. Mbele yake barabara ilikuwa imeinuka kama ngazi. Alitia mkono kwenye gia, akautoa, akautia tena. Jasho lilimtoka akalifuta na tai yake. Kisha akazima gari.

"Mama, shuka," alisema.

"Kwa nini nishuke, mwanangu?"

"Shuka tu, mama. Nitakuitia pikipiki."

Bi Naetwe hakushuka mara moja. Alimtazama mwanawe kwenye kile kioo kidogo cha mbele, na mwanawe akatazama kando. Hakuna aliyemweleza kitu, na hakukuwa na haja. Aliposema, alisema kwa sauti ya kawaida, lakini kila mtu sokoni alimsikia.

"Baba yake Mbonea hukumwambia ashuke."



Bibi alifungua mlango mwenyewe. Akasimama pembeni ya gari, akapitisha kidole chake juu ya ule weusi unaong'aa, kama alivyofanya siku ile mzee anacheka, akakitazama kidole.

"Alikubeba unavuja damu," akasema. "Na wewe ukamuuzia rangi. Rangi haipandi mlima, Kirumbi."

Akajitwika kapu lake. Kirumbi alitoka mbio kumpokea, mama akamkwepa. Mbonea akamwomba ampokee yeye, naye akampa. Wakapanda wote wawili kwa miguu, polepole, wakipumzika kila kona kwenye yale mawe. Walipofika kona ya mwisho Bi Naetwe alipiga magoti barabarani akalia, kisha akainuka akaenda kumkabili mwenzake. Alivyosema na Bi Nakiete ndani ya nyumba ile sijui, na aliyejua hakusema.

Wazee hawakuwa na la kuhukumu tena. Walichoagiza ni kimoja, kwamba gari lisiondolewe, hata Kirumbi alipotuma watu na lori la kulivuta. Liko Kizungo mpaka leo, na kuku wa sokoni hutagia kwenye vile viti vya ngozi. Yeye mwenyewe hakupanda tena Ivuga. Mama yake alipofariki alizikwa huko juu, jirani na Mzee Mgonja, na mwanawe alisimama chini sokoni na tai yake mpaka watu waliporudi.

Kwa hiyo mama yenu hakukitukana kiatu cha mtu. Alikuwa anamuuliza yule kijana, kwa maneno ya Bi Naetwe, kuna nini chini ya mng'aro wake, na kijana akajibu kwa kuangalia kando. Siku mkipita Kizungo mvua imenyesha, litazameni lile gari. Rangi yake bado ni nzuri, utadhani limetoka yadi jana. Rangi haipandi mlima.