Kamba Tatu za Sultani Shambe

Hapo zamani, kabla sisi hatujazaliwa tukaanza kuwasumbua wenzetu, palikuwa na sultani aitwaye Shambe. Nyuma ya kiti chake zilining'inia kamba tatu: moja ya kufungua lango, moja ya kufungulia maji ya birika la kuogea, na moja ya kengele ya kahawa. Zilifanana, na kila apitaye aliweza kuzivuta. Msinicheke, mimi nyumbani nina swichi mbili tu, na kila siku nikitaka taa nawasha feni.

Basi ikawa siku moja lango likafunguka, mbuzi wa mji mzima wakaingia bustanini wakala asumini yote ya Bibi, mke wa Sultani. Sultani akaghadhibika, akaamuru Makungu, bawabu, afukuzwe mjini yeye na wanawe. Makungu akalia, akaapa kwamba hakugusa kamba.

Shemeji yake, Vuai, fukara mwenye kikoi kimoja nacho kimetoboka, akaenda kumwombea.

Sultani akasema, "Nitamsamehe kwa sharti. Hata kufika kesho adhuhuri, asiwepo mtu yeyote awezaye kuvuta kamba isiyo yake, hata akitaka. Wala sitaki askari, maana hulala. Wala kufuli, maana funguo huibwa."

"Taib, maulana. Mimi mpumbavu, nitatenda vivyo hivyo ulivyosema."

Vuai akashinda akitoboa kuta. Kamba ya lango akaipitishia tunduni hadi chumbani mwa bawabu, ya maji hadi kwa mtunza birika. Ya kahawa akaiacha pale pale, ila akaifupisha, asiifikie ila aketiye kitini.

Adhuhuri Sultani akaketi barazani mbele ya watu. Akanyoosha mkono nyuma bila kutazama, kama ilivyo ada yake, akapapasa ukuta mtupu.

"We Vuai! Kamba yangu ya kahawa iko wapi?"

"Iko kuliani, maulana, palepale pa siku zote. Hapo unapopapasa palikuwa na ya lango."

"Umeniondolea kamba ya lango langu mwenyewe?"

"Ulisema mtu yeyote, maulana. Nilitega sikio nisikie 'isipokuwa Sultani', lakini sikulisikia."

Sultani akautazama mkono wake.

"Lahaula! Siku ile ya mbuzi nilingoja kahawa hata nikamtukana mpishi!"

Akacheka hata kilemba kikamwanguka, kisha akaona haya, akainuka akamwomba Makungu radhi mbele ya wote. Vuai akapewa kikoi kipya. Tangu hapo Sultani akitaka lango, humwita bawabu, naye hufungua.

Nami nakomea hapa, nikawashe taa. Mkisikia feni, nyamazeni tu.