Mama Aliyekata Jarife Lake

Ndugu zangu katika imani, wako watu wanaodhani msamaha ni kitu cha kupokea kila unapotolewa. Nisikilizeni habari ya mama huyu, kisha mniambie.

Palikuwa na kijiji kimoja kando ya ghuba. Ndani ya ghuba ile mliota majani ya bahari, na nguva walikuja kula pale kama ng'ombe malishoni. Nguva si samaki. Anavuta hewa kama mimi na wewe, ananyonyesha mtoto wake, na akinaswa chini ya maji kwa muda mfupi tu, amekufa. Wanakijiji walilijua hilo tangu enzi za mababu, na walikuwa na sheria yao: pale penye majani hapategwi wavu. Wavu wa mtu ukiua nguva, mwenye wavu anaukata kwa mkono wake, ufukweni, mchana kweupe, watu wote wakitazama.

Halafu ikaja idara ya serikali na boti zake na sheria zake. Nia yake ilikuwa njema, siwasingizii. Lakini haikumuuliza mtu. Ikakamata huyu, ikafukuza yule, na watu wakaona basi, bahari imepata mwenyewe mwingine. Mnadhani walifanyaje? Walifanya anavyofanya yeyote anayegeuzwa mgeni nyumbani kwake. Nguva akinaswa, alizikwa kwenye mikoko na midomo ikafungwa. Idara ikabaki inalinda maji matupu.

Mpaka pande zote mbili zikachoka, zikaketi kuzungumza. Aliyebishana kuliko wote alikuwa mama mmoja mjane, mwenye jarife, ule wavu mkubwa, ambalo wanawe walivulia. Ulimi wake haukuwa na likizo. Kila mtaa una mama wa namna hiyo, na naona wengine mmeshamtaja wenu moyoni. Alitaka idara ikalinde huko nje, kwenye meli za wageni zinazokokota nyavu, na kijiji kilinde ghuba kwa sheria yake ya zamani. Wakakubaliana hivyo. Nguva wakarudi, wengine na watoto wao ubavuni. Basi watu wakatembea vifua mbele. Hata wasiojua kuogelea walisema "nguva wetu".

Asubuhi moja wana wa yule mama wakarudi nyuso zimewashuka. Walitega jarife karibu mno na majani kwa sababu samaki walikuwa upande ule, mkondo ukalisukuma ndani, na walipolivuta walimkuta nguva jike, amekufa. Hakuna aliyewaona. Wakamwomba mama yao ruhusa wakamzike kwenye mikoko. Jarife lile ndilo lililowalisha. Bila hilo, nyumba ile ingebaki kuvua kwa mshipi.

Mama akawaamuru wamlete nguva ufukweni, tena pale wanapouzia samaki, ambapo hakuna asiyepita. Akatuma mtu amwite afisa wa idara.

Afisa akaja. Alikuwa kijana mwungwana. Akamtazama nguva, akawatazama wale vijana, kisha akasema, "Mama, huu ni mkondo. Na umejitokeza mwenyewe, hukuficha. Mamlaka ya kusamehe ninayo, nimekusamehe. Nenda na wavu wako."

Watu wakashusha pumzi. Wewe ungefanyaje? Mimi nawajua. Mngekuwa mmeshakunja wavu, na afisa mnamwombea dua ya maisha marefu.

Mama akasema, "Mwanangu, Mungu akulipe. Lakini sheria hii ni yetu, utasameheje wewe? Ukinisamehe leo, bahari inarudi kuwa yako, na sisi tunarudi kuwa wezi ndani yake."

Akachomoa kisu. Sasa, wavu uliolegea haukatiki. Lazima mtu aushike upande wa pili, auvute ukaze. Kwa desturi yao anayeshika ni mtu wa nyumbani kwako. Wanawe walikuwa wakilia, hakuna aliyeinua mkono. Ndipo yule afisa akavua viatu vyake, akaja akaushika yeye.

Mama akakata hadi mwisho. Kisha akarudi kwake akipita katikati ya njia, na wanaume wakampisha. Ndugu zangu, najivunia mama huyu kana kwamba ndiye aliyenizaa.

Na sisi je? Sisi tunasema tuachiwe mambo yetu. Tuna dini yetu, tuna mila zetu, tuna wakubwa wetu. Vizuri, tena ni haki yetu. Lakini sheria yetu tunaikumbuka kosa likitoka kwa nani? Kwa jirani. Likitoka chumbani kwetu, tunamtafuta mkubwa wa nje atusamehe, na siku hiyohiyo tunamkabidhi funguo za nyumba. Halafu tunalalamika kwamba tumenyang'anywa. Nani alitunyang'anya?

Mkitoka hapa leo, kila mmoja anajua wavu wake uko wapi. Akaukate mwenyewe. Na wewe utakayemwona jirani yako amesimama na kisu mkononi, machozi yanamtoka, usikae pembeni kutazama. Vua viatu, ukamshikie upande wa pili.