Cheti cha Seva na Nafasi Moja ya Ajira

Sogeeni karibu, na mwenye simu aizime. Leo sitaki makofi, nataka hukumu.

Katika hospitali moja ya mkoa, ambayo jina lake silisemi, kulikuwa na watu watatu wa kompyuta, wote wa mkataba, na hapakuwa na wawili kati yao waliosalimiana. Leokadia alikuwa fundi wa seva, yaani kompyuta inayobeba barua pepe za hospitali, hodari wa kuandika amri ndefu bila kuangalia popote. Mwakibete alishika usajili wa jina la hospitali mtandaoni, na hakuna fomu iliyowahi kumshinda. Wa tatu, jina lake Sikudhani, alisimamia programu inayopokea barua, na alikuwa na jicho la kuona kosa ambalo wenzake wamelipita mara kumi. Kila mmoja alikuwa na paswedi yake na hakumpa mwenzake. Waligawana kazi kama watalaka wanavyogawana vyombo: huyu kachukua sufuria, yule kachukua mfuniko.

Seva ile ilikuwa na cheti cha usalama. Hicho ndicho kinachozihakikishia seva nyingine kwamba zinaongea na hospitali yenyewe, si na tapeli. Kinadumu siku tisini, kisha lazima kiombwe kipya. Onyo kwamba muda unakwisha lilikuja mapema, na wote watatu wakalisoma. Sasa sikieni ujinga wao. Cheti kilikuwa kiishe katika wiki ya zamu ya Leokadia, hivyo Mwakibete na Sikudhani wakanyamaza ili aumbuke. Leokadia naye akanyamaza, kwa sababu bila mkono wa Mwakibete asingepata kipya, na kumwomba Mwakibete hakutaka.

Alhamisi asubuhi cheti kikaisha. Maabara ya rufaa ikakataa kutuma majibu kwa seva isiyo na cheti halali, na kwa simu hairuhusiwi kuyasoma. Nje ya chumba cha upasuaji alilala mwalimu aitwaye Taabu, hajala tangu jana, akingoja majibu ya uvimbe wake.

Mganga mkuu, Daktari Shekilindi, aliingia ofisini kwao bila kubisha.

"Sitaki kujua kosa ni la nani," alisema. "Mikataba yenu inakwisha mwezi huu, na nafasi ya kudumu ni moja. Nitapeleka jina la atakayerudisha barua pepe hewani kabla ya saa sita."

Leokadia alikuwa wa kwanza kukaa kwenye kompyuta. Aliingia kwenye seva, akaandika maombi ya cheti kipya. Watoa vyeti wakajibu kwamba hospitali ithibitishe kwanza kuwa jina lile ni lake kweli. Hapo akakwama, akageuza kiti.

"Kaka Mwakibete, weka huo uthibitisho."

"Leo mimi ni kaka? Juzi uliniitaje mbele ya wauguzi?"

"Mgonjwa anangoja."

"Na onyo umelikalia muda wote huo. Niombe vizuri."

Akamwomba, na nawaambieni, lile ombi lilimwuma kuliko jino bovu. Mwakibete akafungua usajili, akaweka uthibitisho bila kukosea herufi hata moja. Baada ya robo saa cheti kipya kikaingia kwenye seva. Wote wawili wakasimama, kila mmoja akijiona ameajiriwa.

Lakini maabara iliendelea kukataa. Saa tano ikagonga, wakaanza kutupiana lawama. Huyu anasema uthibitisho ulikuwa mbovu, yule anasema amri zilikuwa mbovu. Sikudhani alikuwa amewapa mgongo, anakunywa chai.

"Cheti hakina ubaya," alisema. "Kipo kwenye faili, lakini programu ya barua haijawashwa upya, kwa hiyo bado inawaonyesha watu kile cha zamani."

"Umelijua hilo tangu lini?" Leokadia akauliza.

"Tangu kilipoingia."

"Na ukakaa kimya?"

"Hamkuniuliza, dada. Na paswedi ya programu ninayo mimi."

Akaweka kikombe chini, akaiwasha upya. Majibu yakaingia zikiwa zimebaki dakika kumi kufika saa sita. Mwalimu Taabu akapasuliwa, uvimbe ukatolewa, na sasa anapona.

Wale watatu wakamfuata Daktari hadi mlangoni kwake. Leokadia akasema bila yeye cheti kisingeombwa. Mwakibete akasema bila yeye kisingetolewa. Sikudhani akasema bila yeye kingebaki kwenye faili hadi mgonjwa azikwe. Na wote, jamani, walikuwa wanasema kweli.

Daktari akaomba kuliona lile onyo. Akakuta limefunguliwa mara tatu, kwa majina matatu. Hasira ikampanda, akaitupa mezani fomu ya ajira.

Msinijibu kwamba wote wafukuzwe. Paswedi zimo vichwani mwao, na wodini keshalazwa mgonjwa mwingine, naye majibu yake yanatoka maabara ile ile. Fomu iko mezani na inataka jina moja. Kalamu hii hapa nakupa wewe uliyekaa mbele, unayetikisa kichwa: ungeandika la nani, na wale wawili ungewaambia nini machoni?