Bakuli la Mwanashumu

Niitikieni, wajukuu zangu! Hapo kale, kale ya babu wa babu zenu, mji huu ukiwa nyumba chache na jogoo mmoja akiuamsha wote, aliishi mjane aitwaye Mwanashumu. Mumewe alimwachia wana wawili, Mahadhi na Shekuwe, na kitanda cha mpingo.

Mama yumo edani bado, wana wakaingia na msumeno.

"Mama, inuka. Tunagawana kitanda cha baba."

"Hiki ninacholalia? Mtakigawanaje?"

"Katikati!"

Wakakata, jamani! Krrr, krrr! Mama kasimama ukutani, mkono mdomoni. Kumbe nusu kitanda hailazi mtu! Wakagombana, wakakikatakata vipande, wakavitupa uani, wakaenda zao. Mama akalala chini. Usinune, mjukuu wangu Rukia, sikiliza.

Eda ilipokwisha, akajaza vipande kapuni, akampelekea Msham, fundi wa kukereza vyombo, naye kafiwa na mke.

"Bwana Msham, hivi vitafaa nini?"

Msham akashtuka. "Nani kafanya hivi?"

"Wanangu."

Msham akavichonga kimoja kimoja, akavipaka gundi, akavipanga duara, duara juu ya duara, akavikaza kwa kamba mpaka vikakauka. Kisha akavifunga kwenye keezo, mtambo wake wa kuzungushia mbao. Mwanashumu akavuta kamba, keezo likazunguka, Msham akashika patasi. Vuta, zunguka! Vuta, zunguka! Maranda yakaruka, likatokea bakuli. Ukipitisha kidole, hakuna kiungo utakachohisi.

Wana wakasikia, wakaja mbio kwa Msham, watu wa mji nyuma yao.

"Mama! Bakuli letu hilo! Mbao za baba!"

"Si mlizitupa?"

"Basi tutalikata!" Mahadhi akainua msumeno. Watu wakapiga ukelele.

Mama akaliweka bakuli miguuni pake. "Kata, mwanangu. Ila ujue unakata mahari ya mamako."

"Mahari?"

"Kazi ya Bwana Msham ndiyo mahari yangu. Ijumaa ananioa."

Msumeno ukamponyoka Mahadhi. Shekuwe akakaa chini, pwata! Mji mzima midomo wazi. Na Msham mwenyewe, wajukuu zangu, ndiyo kwanza anasikia!

"Ijumaa gani?" akauliza.

"Hii inayokuja."

Msham akachukua ufagio. "Basi ngoja nifagie maranda."

Na kweli wakaoana. Mzazi hagawanywi angali hai, wanangu; ukimnyima mamako pa kulala, usishangae akipata kwingine.

Kisa nimekitua hapa chini. Aliyekipenda akiokote, asiyekipenda akiruke, apite.