Sultani Zubeir na Kompyuta Mpya

Palikuwa na Sultani, jina lake Zubeir, aliyependa sifa kuliko chakula, na chakula alikipenda sana. Alikuwa na mafundi wa programu nyuma ya kasri, waliomtengenezea programu ya kukusanya ushuru wa bandari. Kompyuta zao zilikuwa kuukuu. Ukiiwasha moja asubuhi unakwenda kunywa chai, unarudi, bado inafikiri.

Basi Sultani akaagiza mpya. Hapo alifanya jema, nami simnyimi haki yake. Lakini mpya hazijashuka hata melini, yeye keshamwahidi shemeji yake, Bwana Rubea, zile za zamani. Azichukue kesho asubuhi, kwa matarumbeta, mji mzima uone ukarimu.

Akamwita barazani Machano, fundi wa mitambo. Machano huyu alikuwa maskini, na mdomo wake ulichangia.

"Labeka, Seyyid."

"Kesho asubuhi kompyuta za zamani zinaondoka. Mpya zinakuja alasiri. Wahamishe mafundi wangu."

"Na kati ya asubuhi na alasiri, Seyyid?"

"Kazi iendelee."

"Waifanyie wapi?"

"Hilo lako. Kazi ikisimama hata kidogo, wewe na mkeo mtafute mji mwingine."

Machano akapiga hesabu. Mkewe alikuwa mjamzito, siku zimekaribia, si mtu wa kubebeshwa mabegi. Na fundi aliyemtangulia alimwambia Sultani kwamba haiwezekani. Leo anachoma mihogo nchi ya watu. Kwa hiyo Machano neno hilo hakuligusa. Alianza kwa ustaarabu.

"Seyyid, tuziache za zamani mezani, mpya tuziweke kando yake. Tuhamishe kazi kidogo kidogo, tuijaribu. Kila fundi akiona mambo yake yamekaa sawa, ndipo ahame. Halafu Bwana Rubea achukue zake."

"Shemeji yangu asubiri?"

"Siku chache tu."

"Wewe mvivu, unatafuta likizo. Kuhamisha kuna ugumu gani? Unatoa, unaweka."

"Unatoa, unaweka," akaitikia Waziri, ambaye kompyuta yake aliitumia kuegeshea kilemba. Bwana Rubea naye, aliyekuwa amekaa pale akisubiri zawadi yake, akasema hewala.

Machano akaitikia kwa kichwa. Alikuwa na hasira, msidanganyike. Akamtazama Sultani alivyojikalia na fulana na kikoi, maana joto lilikuwa kali na kanzu ameitundika. Kikoi kina mchuzi wa samaki, kuanzia pajani hadi gotini.

"Seyyid, kikoi chako kimechafuka, na wageni wako njiani. Si ubadilishe?"

Sultani akajitazama, akaona kweli. Akaagiza kikoi kipya. Mtumishi akakileta kimekunjwa vizuri, kinanukia udi. Sultani akasimama, akanyoosha mkono, lakini Machano akawahi kukipokea. Akakibana kwapani.

"Lete nijifunge," Sultani akasema.

"Cha zamani kiondoke kwanza, Seyyid."

"Una wazimu? Kipya unakifunga juu ya cha zamani. Kikishakaza, ndipo cha zamani unakiachia chini. Hata mtoto anajua."

"Yaani viwili vikae pamoja kwa muda?"

"Sasa ulitakaje?"

"Mimi nimesikia hapa hapa kwamba ni kutoa na kuweka. Waziri ni shahidi."

Waziri akaanza kuangalia dari. Bwana Rubea akashikwa na kikohozi cha ghafla. Sultani, mkono mmoja ameukaza kwenye fundo la kikoi, akapandisha sauti.

"Machano, unataka nibaki uchi mbele ya baraza zima?"

Machano akainama kwa adabu zote.

"Mpaka alasiri tu, Seyyid. Na utawala uendelee."