Firigisi ya Mwalimu Mwasiti

Sogeeni karibu, ila mtu asinijibu mapema. Hadithi hii imeshawagombanisha watu wenye akili kunishinda, tena watu waliokuwa wakila sahani moja.

Upande wa Muheza, kwenye vilima ambako msimu ukifika machungwa huokotwa hata na asiyeyataka, palikuwa na shule ya msingi yenye walimu wachache na watoto tele. Walimu wale hawakuwa na nafasi ya kuinjika chai asubuhi. Kengele haikumsubiri mtu, kuni zilikuwa mbichi, na mshahara ulifika umeshachoka njiani. Basi wakapatana kila mmoja aje na tunda alilonalo, waweke mezani ofisini, wale harakaharaka, waingie darasani. Hapakuwa na birika wala kikombe, lakini jina lilibaki lilelile. Waliita chai.

Kwenye meza hiyo walikuwapo watatu waliojaliwa.

Mwalimu Perpetua alijaliwa jicho. Alikuwa mtu wa Bukoba aliyeletwa huku na ndoa. Angetazama papai lenye ganda zuri, akasema, "Hilo limeoza ndani," nanyi mkilipasua mnakuta ni kweli. Zile ndizi zilizoiva kupita kiasi, ambazo wauzaji huona haya kuzipanga, yeye alizinunua kwa bei ya kutupa, akaziponda na karanga za kukaanga. Bakuli dogo la mchanganyiko huo lilimfikisha mtu hadi mchana.

Mwalimu Kibanga alijaliwa mkono. Hujamaliza kumsalimia, ameshakata machungwa, ameyakamua, na bilauri imejaa. Walimu wenye kuchelewa walimpenda kuliko mkewe alivyompenda, au ndivyo alivyodai mwenyewe.

Mwalimu Shemdoe alijaliwa sauti. Alikuwa mzee, amebakiza kidogo kustaafu, na hapakuwa na mtoto aliyewahi kukataa kumeza dawa ya minyoo kama yeye ndiye aliyesema meza. Alileta mapapai ya shambani kwake, na waliojiapiza kwamba hawali papai walijikuta wanaomba kipande kingine.

Wa nne ndiye mwenye hadithi. Mwalimu Mwasiti alikuwa na sukari. Kila asubuhi alijichoma sindano yake ya insulini, akala muhogo wa kuchemsha, akaja shuleni. Pale mezani alikuja kwa mazungumzo tu. Wenzake walijua, kama mnavyojua ninyi nyote hapa, kwamba mwenye sukari hapewi kitamu, na machungwa yakitokeza waliyasogeza mbali naye. Walifanya hivyo kwa mapenzi.

Siku moja alichelewa kuamka. Alijichoma sindano kama kawaida, akachemsha chai ya rangi, akainywa kavukavu bila sukari wala kitafunwa, akatoka mbio. Alipofika ofisini Perpetua alimuuliza, "Umekunywa chai?" Akajibu kwamba amekunywa. Wala hakusema uongo. Lakini sisi tukimuuliza mtu kama amekunywa chai tunataka kujua kama amekula, na hapo ndipo balaa lilipopenyea.

Lilianza jasho, la baridi, kwenye mdomo wa juu. Vidole vikaanza kumcheza, akavificha mapajani. Kisha moyo ukaenda mbio naye ameketi. Mwasiti alijua ni nini, maana kliniki walikuwa wamemwambia: sukari ikishuka, weka kitu kitamu mdomoni upesi. Mbele yake palikuwa na bilauri ya juisi ya machungwa. Aliitazama, akataka kusema nipeni, ulimi ukamgomea. Aliponyoosha mkono akapiga sahani, vipande vya papai vikamwagika sakafuni.

"Ondoeni haya matunda!" alisema mwalimu mkuu. "Huyu ana sukari. Imempanda."

Mwalimu mkuu alikuwa mtu mwema. Aliichukua ile bilauri kwa mkono wake mwenyewe, akaimwaga dirishani ili hata harufu isimfikie mgonjwa. Mwasiti aliiona juisi ikienda. Jamani, kuna hofu ya kufa, na kuna hofu ya kufa huku unawaona wanaokupenda wakikuondolea kilicho cha kukuponya, nawe huna ulimi wa kuwakataza. Aliwaza watoto wake wawili. Aliwaza kwamba watu hawa watamlilia kwa uchungu wa kweli, na hawatajua kamwe walichofanya. Halafu hata ile kona ya akili iliyokuwa ikiwaza nayo ikaanza kuzima.

Perpetua alikuwa amemsogelea Mwasiti. Alikuwa akimtazama. Aliona jasho, aliona mikono, akauweka mkono wake shingoni kwa mwenzake, akaikuta shingo ni ya baridi na imelowa. "Haijapanda," akasema. "Imeshuka. Mpeni kitamu sasa hivi."

Mwalimu mkuu alimuuliza kama ana hakika. Perpetua akasema marehemu baba yake alipatwa hivyo hivyo, na uji wa sukari ndio uliomrudisha. Mwalimu mkuu akauliza, na akikosea je? Perpetua hakumwondolea mgonjwa macho, wala hakulirudisha neno lake nyuma.

Kibanga hakumwamini. Tangu utotoni alikuwa akisikia kwamba kitamu ndicho kinachoua wenye sukari, na Perpetua si daktari. Aliuona mkono wake mwenyewe ukishika kisu, akaona polisi, akaona watoto wa Mwasiti wakimnyooshea kidole msibani. Juisi ilikuwa imemwagwa, na aliyebaki na mkono wa kutengeneza nyingine upesi ni yeye. Basi alikata, akakamua. Mkono ule ambao haukuwahi kukosea ulikosea, akajikata kidole, akaendelea. Bilauri ilijaa kabla mwalimu mkuu hajaamua kumzuia au kumwacha.

Wakamsogezea Mwasiti. Akaisukuma.

Hapo ndipo wote walipotishika kweli. Katika kichwa chake kilichovurugika, ya kliniki yalikuwa yamepotea, yamebaki yale aliyoambiwa na kila mtu kwa miaka: usile tamu, tamu itakuua. Alikaza meno. Alimwangalia Perpetua kama anayemwona mchawi. Kibanga alijaribu tena, juisi ikamwagika kifuani, na shingo ya Mwasiti ikaanza kulegea. Akishazimia hawezi kumeza, na juisi itakuwa haina kazi.

Mzee Shemdoe aliichukua bilauri, akachuchumaa mbele yake. Yeye ndiye aliyemfundisha Mwasiti a, e, i, o, u, katika shule hiyohiyo. Hakubembeleza, wala hakupaza sauti.

"Mwasiti binti Hoza," alisema, "mwalimu amesema kunywa."

Na Mwasiti, mama wa watoto wawili, akakaa wima kama mtoto wa darasa la kwanza, akafungua mdomo. Mzee alimnywesha funda kwa funda, akingoja ameze, akimwambia vizuri, tena. Hata yeye alikuwa akiogopa.

Walisubiri. Nje watoto walikuwa wamepanga mstari wenyewe bila mwalimu. Kisha macho ya Mwasiti yakamtafuta mtu, yakamkuta Perpetua, na la kwanza alilosema ni kuuliza nani amemwaga papai. Kibanga alitoka nje akaenda kulia nyuma ya choo. Perpetua akamlisha mgonjwa ndizi na karanga ili nguvu zikae, halafu wakampeleka zahanati, ambako muuguzi aliwaambia wazi kwamba wangechelewa kidogo tu wangeleta maiti.

Sasa sikilizeni vizuri, maana utamu wa hadithi umekwisha, kilichobaki ni uchungu wake.

Mama yake Mwasiti, Bi Mwanahawa, alichinja jogoo. Akawaalika wote watatu nyumbani, akaleta sinia la wali, na juu ya nyama akaweka firigisi. Mnajua firigisi hapewi mtu hivi hivi. Hupewa mwenye heshima ya siku. "Mwanangu," akasema, "mpe kwa mkono wako mtu aliyekuokoa."

Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka.

Kibanga alianza kwa utani, na utani wenyewe haukuwa utani. Alisema aliyejua alikuwa na raha ya kujua, yeye alikamua huku akiamini anaua mtu, na kovu la kidole analo. Perpetua akamjibu kwamba mkono usioelekezwa ungeendelea kukamulia walimu waliochelewa. Pasipo neno lake, Mwasiti angekufa na machungwa yamejaa ndoo. Shemdoe hakutaka kusema. Walipomwangalia sana, alisema taratibu kwamba neno lilishasemwa na bilauri ilishajaa, na bado mtoto wake alikuwa anakufa.

Mmoja akapendekeza firigisi ikatwe vipande vitatu. Bi Mwanahawa alikataa. "Firigisi iliyokatwa ni nyama tu," alisema, "na nyama ipo tele kwenye sinia."

Mwasiti aliishika. Kesho asubuhi atajichoma sindano. Kesho kutwa pia, na siku zote za maisha yake. Siku nyingine itakuja atakapokaa pale mezani ulimi umemgomea, na atalihitaji lile jicho, atauhitaji ule mkono, ataihitaji ile sauti. Akimpa mmoja, wawili wataona wamedharauliwa. Na moyo wa binadamu ukishaona umedharauliwa, huchelewa kidogo tu kuinuka. Yeye anajua kuchelewa kidogo ni nini.

Mama anamwangalia. Wale watatu wanaangalia wali. Mchuzi unapoa.

Haya, nanyi mliokuwa mnawashwa kunijibu: firigisi ingekuwa mkononi mwako, ungempa nani?